Mwaka Niliosikiliza Injini kwa Mwiko

Sikwenda kumzika Fundi Gervasi kwa sababu ya udugu, maana hatukuwa ndugu. Yeye Msandawe wa upande wa Farkwa, mimi Mgogo niliyekulia kwenye upepo wa Dodoma, na tangu alipofunga karakana yake pale Makole tulionana kwa kubahatisha tu, mwisho hata hiyo bahati ikaisha. Nilikwenda kwa sababu ya mdomo wangu. Mdomoni mwangu mna milio yake minne, nimeishi nayo ujana mpaka uzee huu, na simu ilipokuja kwamba amefariki, kitu cha kwanza hakikuwa machozi, Mungu anisamehe. Ulimi wangu uligonga shavu wenyewe, kama mlango uliosukumwa na upepo. Mjukuu wangu akageuka, "Bibi, unamsonya nani tena?" Nikamwambia nitafutie viatu vyangu, tunasafiri.

Hiyo habari ya kusonya ndiyo mlango wa maneno yangu yote, basi na tuingilie hapo. Mambo ya baba na mama na jinsi nilivyofika Makole nayaruka, kila mtu ana baba na mama. Shule niliionja kama mtu anavyoonja chumvi ya mboga, nikaweka kijiko chini. Mwaka ninaousema nilikuwa msichana, napikia watu kwenye kibanda cha mabati. Waliniita mama ntilie ingawa sikuwa mama wa mtu. Ugali wangu ulikuwa wa uwele, na mlenda wa karanga, ule unaovutika mpaka mtu anaukata kwa kidole, na wageni kutoka mikoa mingine walikuwa wanaucheka siku ya kwanza, siku ya pili wanaomba uongezwe. Kibanda kiliegemea ukuta wa karakana ya Gervasi, hivyo moshi wangu ulikuwa wake na nyundo zake zilikuwa zangu. Siku hizi ninapopita pale naona duka la simu lenye vioo na msichana amekaa ndani na feni yake. Namtazama nasema moyoni, mwanangu, ungejua umekalia nini. Lakini atajuaje? Hata mimi nilikaa pale sijui.

Gervasi alikuwa mtu wa majivuno, nisimpambe kwa kuwa amekufa. Kidevu kimenyolewa kila asubuhi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, chini ya hapo oili tupu. Mteja akianza kumweleza ugonjwa wa pikipiki yake, anamkata. "Nyamaza wewe, nimsikie mgonjwa." Halafu anainama. Alikuwa anang'ata mpini wa bisibisi, ncha ameikaza kwenye injini, macho kayafumba. Mimi nilidhani ni dua za kwao. Kumbe mtu alikuwa anasikia kwa meno, kwa sababu masikio yalikuwa yanamwacha, na hakumwambia mtu.

Lakini sufuria la mama ntilie halifichwi kitu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi mwingine, Sefu, mcheshi, mla kwa mikono miwili, na siku moja nampakulia nikasikia anawaambia wenzake kwenye benchi, "Gervasi masikio yamekufa. Mpigie honi kisogoni muone."

"Acha uzushi, Sefu."

"Uzushi? Jana nimemsalimia kwa nyuma mpaka koo limekauka. Kimya. Kivuli changu kilipomfikia ndipo akaruka, 'Aa, Sefu, umekuja lini?' Fundi kiziwi ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Dada Nyemo, wewe ungekula kwa mpishi asiye na ulimi?"

"Wewe mwenyewe unakula hapa," nikamjibu, "na ulimi nilikupa wewe wote." Wakacheka, nami nikacheka, ila moyoni niliona ni kweli.

Sasa aje Bwana Chanjo. Jina lake lingine lipo lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtumishi wa afya, kazi yake kupeleka chanjo za watoto vijijini, na sanduku la barafu alilifunga nyuma ya pikipiki kwa mipira. Barabara ya Kondoa siku hizo lami ilikuwa haijaota hata ndoto yake, ni vumbi, mawe na makorongo. Pikipiki ile ilikuwa imetembea mpaka kile kisaa cha kuhesabu mwendo kikamaliza namba zote kikarudi kwenye sifuri tupu, kikaanza upya. Bwana Chanjo akawa anawaambia watu, "Mpya hii, tazama, haijatembea." Basi siku moja nasonga ugali, nikasikia mbali, huko kwenye barabara kubwa, nikasema kama mtu anayejisemea, "Bwana Chanjo huyo anakuja. Leo pikipiki yake imemeza kokwa." Watu wakaniona punguani. Wamemaliza matonge machache, Bwana Chanjo huyo, vumbi mpaka kope.

Gervasi aliona midomo yangu, akaona watu wanacheka, halafu akaona pikipiki. Akaja mpaka jikoni kwangu, bakuli lake mkononi, akaniinamia usoni. "Kokwa hilo linagonga vipi? Hivi?" Akapiga ulimi kwenye meno, *ntss*, mbele ya wateja wote. "Au hivi?" Akavuta shavu, akatoa mlio mwingine, mnene, kama mtu anayemfukuza punda.

Jamani. Kwetu mwanaume akikusonya ukiwa juu ya chungu chako, amekutukana wewe na chungu. Nikamnyang'anya bakuli. "Unanisonya mimi? Mlenda wangu una nini? Nenda ukale kwa mkeo!"

"Mke sina."

"Ndiyo maana huna!"

Benchi zima lilivunjika kwa kicheko, Sefu alimwaga chai. Gervasi alisimama anatutazama mmoja mmoja, hajui kinachochekwa, na pale ndipo niliona uso wa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Hasira ikanitoka yote. Nikamrudishia bakuli, nikamwongezea.

Watu walipotawanyika aliniita nyuma ya ukuta. "Binti, yale si matusi, ni maneno. Kwetu tunayasema kama nyinyi mnavyosema mbukwa mkisalimiana." Akapangusa mikono ambayo haipanguki. "Nyemo, sisikii. Sauti nene bado zinafika, kama ngoma ya kijiji cha pili. Ndogo zote zimeondoka. Na injini inaanza kuumwa kwa sauti ndogo. Hao wakijua, nimekwisha, nitarudi kwetu kuziba pancha za baiskeli. Bwana Chanjo anataka nimfumulie injini yote kabla ya mvua. Nikopeshe masikio."

"Nitakosea, fundi."

Aliniangalia mdomo muda mrefu. "Umesema utakosea? Kosea. Hata mimi nilikosea nikiwa na yangu."

Hapo tena mtu atauliza, kama hasikii, nitamwambiaje ninachosikia? Ndipo akili ya mtu yule ilinishangaza mpaka leo. Kiswahili changu alikuwa anakibahatisha, neno moja analishika, mawili yanampita, midomo ya Kiswahili alisema inafanana yote, kama punje za mtama. Lakini milio ya kwao alikuwa anaiona. Wa kwanza ulimi unagusa meno na midomo inachanuka. Wa pili ulimi unapiga paa la mdomo, kidevu kinashuka. Wa tatu shavu linaingia ndani kama la mtu anayenyonya mfupa. Kila mmoja akaupa ugonjwa wake. Wa meno ni valvu zinapogonga. Wa paa ni pistoni inayocheza ndani ya silinda iliyolika. Wa shavu ni pini, ile inayoshika pistoni kwenye mkono wake wa chuma, na huo ndio ugonjwa mbaya kuliko yote kwa sababu unaua ukiwa njiani. Wa nne ulikuwa ndugu wa ule wa paa ila umepitia puani, laini, na huo alisema ni wa injini nzima, isiyo na neno. "Huu nitauona kwenye pua yako," alisema. "Mungu kakupa pua ya kutosha."

Nilijifunza juu ya chungu, nasonga huku nagonga ulimi, wateja wakadhani nimeokoka kwa namna mpya. Kifaa changu cha kusikilizia kilikuwa mwiko wangu wenyewe wa ugali. Upande mpana unaukaza kwenye injini, mpini sikioni. Mtu ambaye hajafanya hivyo hawezi kunielewa. Kwa nje injini ni kelele moja tu, ila ukiweka mwiko unaingia ndani ya nyumba ya watu. Unasikia huyu anafungua mlango, huyu anapanda ngazi, huyu anakohoa chumbani, na wote wanaenda mbio hawagongani. Siku ya kwanza niliutoa mwiko sikioni nikautazama, kana kwamba wao ndio waliojificha ndani ya mti. Sefu akaanza kulalamika kwamba ugali una ladha ya lami. Nikamwambia ni uwele wa mwaka huu.

Chumba cha Gervasi kilikuwa nyuma ya karakana, matofali ya udongo, bati moja juu, dirisha la kuingiza paka. Alitandika shuka jeupe kitandani kwake, injini ya Bwana Chanjo akailaza pale, na yeye akawa analala sakafuni. Mafundi wanasema kufumua injini na kuisuka upya, na mimi nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilijua nywele tu. Kumbe ni kweli ni kufumua. Alitoa kifuniko cha juu, valvu, silinda, pistoni, gia zikafuatana kwenye shuka, kila kitu na nati zake pembeni, mpaka kitanda kikajaa na bado kulikuwa na vitu. Akanishika kidole akakiingiza ndani ya silinda. Ndani kulikuwa laini kama sikio la mtoto, na karibu na juu kidole kikakwama kwenye ngazi ndogo. "Hapo juu pistoni haifiki," alisema. "Hapo ndipo chuma kilivyokuwa siku kilipozaliwa. Chini yake kote kumeliwa." Kumeliwa na nini? Hakuna meno mle, ni pistoni na oili, inapanda inashuka, Kondoa na kurudi, makorongo ya Bahi na kurudi, watoto wote wale waliolia kwa sindano. Njia yote ile ilikuwa imeandikwa mle ndani na kidole changu kilikuwa kinaisoma, mimi ambaye barua nilikuwa nasomewa. Nimeingia makanisa makubwa baada ya hapo, lakini kunyamaza kwa ndani nilijifunza kwenye kile chumba kinachonuka mafuta ya taa.

Silinda ilikwenda kwa mtu wa mashine karibu na reli, ikachongwa ndani ikapanuka, na pistoni kubwa zaidi ikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa kwa gazeti, inanuka dagaa kwa sababu ya jirani yake kwenye buti. Valvu tulizisaga kwa mkono, yeye moja mimi moja, tunazungusha kijiti kati ya viganja kama watu wanaopekecha moto. Tulipokuwa tunakula alikuwa ananisimulia asali ya porini kwao, jinsi nyuki wanavyosikika ndani ya gogo kabla hujawaona. "Hao nao nimewapoteza," alisema, akachovya tonge.

Ikafika asubuhi ya kuiwasha. Mawingu upande wa Kondoa yalikuwa meusi kama sufuria langu, na Bwana Chanjo alikuja na sanduku lake limeshajazwa barafu, ana haraka, watoto wa Chemba wanamsubiri. Watu walijaa. Sefu alisimama mbele kabisa, mikono kifuani. Alikuja kuona kiziwi akiumbuka. Gervasi alipiga kiki mara mbili tatu, ikakataa, halafu ikashika. Ikaunguruma vizuri, taratibu. Hata Sefu alitikisa kichwa akasema, "Aisee." Bwana Chanjo alishaanza kufunga sanduku.

Gervasi akanitazama. Nikasogea na mwiko wangu, watu wakadhani naleta mzaha. Nikasikiliza. Milango ilifunguka na kufungika vizuri, ngazi zikapandwa vizuri, na chini yake, chini kabisa, kulikuwa na kitu kidogo. Kama ukucha kwenye kikombe. Nikauondoa mwiko, nikaurudisha. Bado kipo. Pini.

Nitasema nini? Nikisema kwa Kiswahili Gervasi haoni, na wote watajua aliyesikia ni mimi. Nikinyamaza, leo watamsifu, kesho kutwa Bwana Chanjo atakwama korongoni na mvua juu yake, barafu imeyeyuka, na jina la Gervasi litazikwa palepale. Shavu langu halikuningoja. Liliingia ndani likagonga, mbele ya watu wote, na macho yangu kwa bahati mbaya yalikuwa kwa Bwana Chanjo.

"We binti!" Alitupa mpira chini. "Unanisonya mimi? Mtu mzima? Nimekukosea nini?"

"Sijakusonya, baba, shikamoo, mimi..."

"Shikamoo baada ya msonyo? Kwenu mnafundishwa hivyo?"

Watu wakaanza kunizomea, na Sefu anacheka mpaka anashika magoti. Gervasi akazima injini. Bati lilikuwa linalia kwa upepo. Angeweza kuniacha nimezwe pale, ningekuwa msichana asiye na adabu na yeye angebaki fundi. Akajipangusa kidevu, akakiacha na oili. Akasema kwa sauti kubwa mno, sauti ya watu wasiojisikia, "Hajakusonya. Amesema pini. Amesema kwa lugha yangu, kwa sababu mimi sisikii. Masikio ni yake. Mikono ni yangu. Anayetaka na apeleke chombo chake kwa Sefu."

Hakuna aliyecheka. Hata Sefu. Bwana Chanjo alimtazama Gervasi, akanitazama mimi, akautazama mwiko ambao bado una ugali mkavu pembeni. Halafu akainama, akaanza kufungua mipira ya sanduku. "Nyemo," akasema, "una mahali penye kivuli niweke barafu yangu?"

Waliifumua palepale chini, na safari hii Sefu ndiye aliyeshika taa ya kumulikia ndani ya injini, hakuna aliyemwomba. Pini ya pistoni inazuiwa na kipete chembamba cha chuma kila upande. Kimoja kilikuwa hakijakaa kwenye mfereji wake. Kilikuwa kinachungulia, na silinda mpya ilikuwa imeshaanza mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele. Gervasi alikichukua akakiweka kiganjani mwangu. Hakikuwa na uzito wowote. Nimebeba magunia, nimebeba watoto, nimebeba majeneza, lakini uzito wa kile kipete kisicho na uzito bado naujua. Nilifunga mkono, watu wote wananitazama ngumi.

Bwana Chanjo aliondoka mchana ule, matone ya kwanza yanadondoka. Pua yangu ilikuwa imeshasema neno lake, na Gervasi alikuwa ameshaliona.

Wateja wengine walihama, nisiseme uongo. Wengine wakaja kwa ajili ya kuona fundi anayesoma mdomo wa mpika mlenda, wakirudi wanasimulia. Tulifanya kazi hivyo mpaka mavuno ya zabibu kule Makutupora, wakati ambapo hata ngoma ya kijiji cha pili ilikuwa haimfikii tena. Alichoka. Akagawa spana zake, nyingi kwa Sefu, akapanda basi kurudi kwao. Watu huwa wanategemea niseme baada ya hapo nikawa fundi. Sikuwa. Sefu aliniita nikajaribu, lakini nikigonga ulimi anaangalia huku na huku, hajui nimesema nini, na nikisema kwa Kiswahili naona nasema nusu. Nikabaki na vyungu vyangu, vikanilisha. Nimelea, nikazeeka. Ila mpaka leo bodaboda zinazopita mlangoni usiniulize ni ngapi zina miezi michache ya kuishi.

Tulifika kwao kaburi limeshafunikwa. Dada yake, Mama Agata, mzee kunizidi, alinipokea akanikalisha kwenye mkeka, akaniletea uji. Nikamweleza mimi ni nani. Nikamwambia kaka yako alinipa maneno yenu manne, nikamtolea yote, la meno, la paa, la shavu, la puani. Wanawake waliokaa karibu waligeuka, na watoto wakacheka kwa kuziba midomo. Mama Agata alinishika goti. "Umeyasema vizuri, mama. Lakini hayo si maneno. Hivyo ni vichwa tu vya maneno. Mwili huja nyuma yake."

Nikaweka uji wangu chini. Miaka yote hiyo! Gervasi alinikatia vipande vidogo, kama mtu anavyomkatia mtoto nyama, kwa sababu mdomo wangu wa Kigogo usingeweza kubeba neno zima. Nikamwuliza, na hili la puani, la injini nzima, mwili wake upi? Akafikiri, akawageukia wenzake, wakabishana kidogo, mmoja anataja hiki mwingine kile. "Yanayoanza hivyo ni mengi," akasema. "Aliyejua anataka lipi ndiye huyo tumemlaza."

Jua likasogea. Kijana wa bodaboda aliyetuleta akasema twende, njia ina mchanga. Mama Agata alinishika mkono kunisindikiza. Kijana akawasha. Nilisimama pale, sina mwiko, nikasikiliza kwa masikio matupu niliyobakiwa nayo. Injini ilikuwa changa, milango yake yote inafunguka na kufungika. Pua yangu ikasema yenyewe, ule mlio wa nne. Mama Agata akaupokea pale nilipouachia, akauvisha mwili wake, neno zima, taratibu, kama mtu anayeitikia salamu. Sikumwuliza maana yake. Nikainua mguu, nikapanda.